Jina Jipya, Kazi Ni Ipi? Habari za Shirika la Sheffield Linalofundisha Kompyuta



Katika mikutano ya matawi tumekuwa tukiulizwa swali moja kila tuendako, viwandani na mashambani. Yanapokuja mashirika ya hisani na kusema yanataka kutufundisha kompyuta na intaneti, tuyapokee namna gani? Leo linakuja shirika lenye jina hili na fulana za rangi hii. Mwaka ujao wanakuja watu wale wale, lakini jina ni jingine na fulana ni nyingine, na taarifa yao ya mwaka inasema wamekua maradufu. Mnatuuliza: huo ni ujanja, au ni maendeleo?

Swali ni zuri, na halijibiwi kwa ndiyo au siyo. Tumeona heri tulijibu kwa kueleza habari za shirika moja la mbali, ambalo mambo yake yako wazi. Shirika hilo lilibadili jina mara mbili katika muda wa miaka 5, na mara tu baada ya jina la mwisho likavuka bahari. Jina hilo la mwisho ni Good Things Foundation, na nyumbani kwake ni Sheffield, Uingereza. Tumechagua la mbali kwa makusudi, maana ukimtazama jirani yako unaona kwanza ugomvi wenu wa mpaka, na shamba lake hulioni.

MAHALI LILIPOZALIWA

Sheffield ni mji wa chuma. Ukikuta kisu cha zamani jikoni, kigeuze; pengine utaona jina la mji huo limepigwa kwenye bapa lake. Ni huko ambako mwaka 1913 Harry Brearley alipata chuma kisichoshika kutu. Tena ni mji wa wenzetu. Mwanzoni mwa 1980 wafanyakazi wa chuma wa Uingereza waligoma kwa miezi mitatu, na watu wa Sheffield na miji ya jirani walikuwamo. Miaka iliyofuata viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine, na maelfu kwa maelfu wakarudi nyumbani. Mtu aliyekuwa fundi wa tanuru kwa miaka 25 alijikuta hana kazi, na kazi mpya zilizobaki zilimtaka mtu anayeweza kukaa mbele ya kompyuta.

Hatusemi kwamba shirika hili lilianzishwa na watu wa chuma. Lilianzishwa na serikali. Karibu na mwaka 2000, wakati chama cha Labour kilipokuwa kikitawala, serikali iliona kwamba kompyuta zinaingia katika kila kazi na kila ofisi, na kwamba mamilioni ya watu hawajui hata kuiwasha. Ikaanzisha vituo vilivyoitwa UK online centres. Mtu aliweza kuingia bure au kwa bei ndogo, akakaa mbele ya kompyuta, na pembeni akawapo mtu wa kumwelekeza.

Jambo la kushika hapa ni kwamba vituo vingi havikujengwa upya. Vilikuwa maktaba za mitaa, kumbi za jamii, vyumba vya makanisa, na ofisi za vyama vinavyopangisha nyumba kwa watu wa kipato cha chini. Mahali watu walipozoea kwenda kwa shughuli nyingine, hapo ndipo meza ya kompyuta ilipowekwa. Mama aliyekuja kushona nguo na wenzake, akiona mashine pembeni, siku moja atauliza inafanya nini. Mzee aliyekuja kunywa chai ataambiwa kwamba anaweza kuona uso wa mjukuu wake aliyeko ng'ambo. Walimu wa vituo hivyo walijifunza mapema kwamba ukibandika tangazo linalosema "Njooni Mjifunze Kompyuta," wanakuja wale wanaoijua tayari. Mwenye hofu haji.

Mwezi wa Desemba 2011 watumishi waliokuwa wakiusimamia mtandao huo wa vituo walitoka wakajitegemea. Walianzisha shirika walilolimiliki wao wenyewe, likaitwa Online Centres Foundation, na kiongozi wao alikuwa Helen Milner. Kwa lugha yetu tungesema ni kama chama cha ushirika, isipokuwa hakuna faida ya kugawana. Kinachopatikana kinarudi katika kazi. Baadaye likaandikishwa rasmi kuwa shirika la hisani.

Hapa tuseme neno kidogo, kwa kuwa sisi ni chama cha wafanyakazi. Miaka hiyo serikali ya David Cameron ilikuwa ikiwahimiza watumishi wa umma watoke serikalini na kuunda mashirika yao. Vyama vya wafanyakazi vya Uingereza viliitazama sera hiyo kwa mashaka, na sisi tunaona vilikuwa na haki. Wafanyakazi kumiliki kazi yao ni jambo jema. Lakini serikali ikikupa mlango wa kutokea, ni vizuri kutazama kama unaelekea shambani au barabarani. Hawa wa Sheffield walitoka salama, kwa sababu walitoka na kazi mkononi na mtandao mzima wa vituo nyuma yao. Si kila mtu alikuwa na bahati hiyo.

JINA LA KWANZA, LA PILI, LA TATU

Mwaka 2013 shirika likabadili jina kwa mara ya kwanza. Likaitwa Tinder Foundation. Kwa Kiingereza neno hilo ni zile nyasi kavu na vijiti vidogo unavyoweka chini ya kuni ili moto ushike. Lilikuwa jina la maana: shirika halikutaka kuwa moto wenyewe, lilitaka kuwasaidia wengine wawashe. Mchumaji chai anayeamka saa kumi za usiku kuwasha jiko wakati kuni zimelowa umande ataelewa jina hilo kuliko mtu wa ofisini.

Ubaya ni kwamba mwaka 2012 huko Marekani ilikuwa imeanzishwa programu ya simu ya kutafutia wachumba, nayo inaitwa Tinder. Wakati shirika linachagua jina lake, programu hiyo ilikuwa bado changa. Baada ya miaka miwili mitatu ilijulikana dunia nzima. Fikirini basi: mwalimu wa kituo anagonga mlango wa bibi wa miaka 70, anasema, "Natoka Tinder, nimekuja kukusaidia." Hapo mtu hana la kufanya ila kubadili jina.

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2016 ndipo lilipotoka jina la Good Things Foundation, yaani shirika la mambo mema. Kwa maoni yetu jina la nyasi kavu lilikuwa bora. Hili la mambo mema linaweza kuwa la duka la mikate, la kanisa au la wauza sabuni. Lakini lina faida moja, nayo si ndogo: halimwogopeshi mtu, na halina neno kompyuta ndani yake. Tumesema mwenye hofu haji akiona tangazo la kompyuta. Tena jina la kwanza, lile la vituo, lilikuwa limelifunga shirika kwenye kazi moja na nchi moja. Shirika linalotaka kufanya kazi na hospitali, au kwenda nchi nyingine, linahitaji jina lisilolibana.

Kwa hiyo, tukirudi kwenye swali lenu, kubadili jina peke yake si ujanja wala si maendeleo. Chama chochote kinaweza kubadili jina. Vyama vya wafanyakazi vyenyewe huungana na kugawanyika na kubadili majina, na mwanachama shambani anaendelea kukatwa ada ile ile. Linalofaa kutazamwa ni kilichotokea chini ya jina hilo.

MWAKA ULIVYOKUWA

Tuutazame huo mwaka 2016 na ule ulioufuata.

Shirika lenyewe lilisema wakati huo kwamba mtandao wake una vituo kama 5,000 nchini kote, na kwamba tangu 2010 limewafikia watu zaidi ya milioni 2. Lilikuwa na masomo yake ya bure yaitwayo Learn My Way, ambayo humwanzisha mtu mwanzo kabisa: kushika kipanya, kutafuta herufi kwenye kibodi, kufungua barua pepe, kutafuta habari, kujihadhari na matapeli. Lilikuwa limefanya kazi na huduma ya afya ya taifa tangu 2013, kuwafundisha wagonjwa na wazee kutumia intaneti kwa mambo ya afya yao, na mwaka 2017 ikaanza awamu ya pili. Mwaka huo huo wa 2017 likaitwa Australia, ambako serikali ilianzisha mpango uitwao Be Connected kwa ajili ya watu wenye miaka 50 na zaidi. Shirika la Sheffield likafungua tawi huko, likapewa kazi ya kuunganisha vyama vidogo vya mitaa viwe mtandao mmoja. Mtindo ulikuwa ule ule: halikujenga majengo, lilitafuta mahali ambapo wazee wanakaa tayari.

Huko ni kukua kwa kweli. Hatuna neno la kupunguza.

Lakini kuna upande mwingine, na huo ndio tuliotaka hasa mwufahamu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo wa 2016, katika sinema za Uingereza ilianza kuonyeshwa filamu ya Ken Loach iitwayo I, Daniel Blake. Mwezi wa Mei ilikuwa imepata tuzo kubwa kuliko zote huko Cannes, Ufaransa. Inahusu seremala wa Newcastle, mtu wa makamo aliyefanya kazi maisha yake yote. Anapata ugonjwa wa moyo. Daktari wake anamwambia asifanye kazi. Ofisi ya serikali inasema anaweza kufanya kazi. Anakwenda kudai haki yake, anaambiwa ajaze fomu kwenye kompyuta. Anasema hajui kompyuta, ila mpeni kiwanja atawajengea nyumba. Anapoambiwa apandishe kipanya juu kwenye kioo, anakichukua kipanya kwa mkono na kukiweka juu ya kioo. Watu walicheka katika sinema, kisha hawakucheka tena.

Ile ni hadithi ya kutungwa, lakini mambo iliyoyasema yalikuwapo. Kuanzia mwaka 2013 Uingereza ilikuwa ikiingiza mpango mpya wa msaada kwa watu wasio na kazi na wenye kipato kidogo, uitwao Universal Credit. Ombi la msaada huo kwa kawaida hufanywa kwa intaneti. Yaani mtu maskini kuliko wote, ndiye aliyetakiwa awe na kompyuta, na laini, na ujuzi, ndipo apate cha kununulia mkate. Na hawakuwa wachache. Mwaka 2018 ofisi ya takwimu ya Uingereza ilihesabu watu wazima milioni 5.3 ambao hawatumii intaneti, kama mtu mmoja katika kila kumi. Hiyo ni nchi tajiri.

Na wakati dirisha la ofisi linafungwa na watu wanaambiwa waende kwenye intaneti, mahali pa kuipata bure palikuwa panafungwa pia. Mwezi wa Machi 2016 BBC ilitoa hesabu yake: katika miaka 6 maktaba 343 zilikuwa zimefungwa, na kazi karibu 8,000 za maktaba zilikuwa zimepotea. Nyingine zilikabidhiwa kwa watu wa kujitolea. Mtu aliyelipwa mshahara kumwonyesha mzee namna ya kujaza fomu ameondolewa, na mahali pake amekaa mwingine mwenye moyo mwema asiyelipwa chochote.

Sasa tazameni. Shirika la hisani la kufundisha kompyuta linakua mwaka ule ule ambao maktaba zinafungwa na fomu za serikali zinahamia kwenye intaneti. Kukua huko kuna sehemu mbili. Sehemu moja ni bidii ya shirika na ubora wa njia yake. Sehemu ya pili ni kwamba shida yenyewe imekua. Kituo cha kugawa chakula kikipata wateja wengi zaidi, hatusemi njaa imepungua. Anayesoma taarifa ya mwaka na kuona hesabu kubwa ni lazima ajiulize ni ipi kati ya sehemu hizo mbili anayoisoma.

Tuwe waadilifu. Watu wa Sheffield wenyewe hawakuficha hilo. Walikuwa wakisema kwa sauti kwamba kazi hii ni wajibu wa serikali, na walikuwa miongoni mwa waliodai kwamba ujuzi wa msingi wa kompyuta uhesabiwe sawa na kusoma, kuandika na hesabu. Mwezi wa Oktoba 2016 serikali ilitangaza kwamba watu wazima wasio na ujuzi huo watafundishwa bure, na mwaka 2017 jambo hilo likaingia katika sheria. Haki yenyewe ilianza kutumika mwaka 2020. Miaka 4 tangu tangazo mpaka darasa. Wanachama wetu wanaosubiri kiwango kipya cha chini cha mshahara watajua mwendo huo ni wa namna gani.

BAADA YA HAPO

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga nyumba za watu, kila aliyekuwa akisema kwamba intaneti ni anasa alinyamaza. Shule, daktari, benki na ofisi, vyote vilikuwa nyuma ya kioo. Good Things Foundation ilishiriki katika kampeni ya kuwapelekea vifaa na data watu waliofungiwa ndani bila chochote. Mwezi wa Julai 2021, pamoja na kampuni ya simu ya Virgin Media O2, ikaanzisha kile kinachoitwa National Databank. Ni ghala la data. Kampuni za simu zinatoa laini zenye data, shirika linazigawa kwa vituo vyake, na kituo kinampa mtu asiyejiweza, kama vile kituo cha chakula kinavyogawa unga na maharagwe. Kampuni za Vodafone na Three nazo zikaingia. Mwaka uliofuata likaja ghala la vifaa: simu na kompyuta ambazo ofisi na makampuni hazizitaki tena, zinasafishwa, zinatengenezwa, zinapewa watu.

Sisi tuna maneno mawili juu ya ghala hilo la data. La kwanza, ni jambo jema, na mtu aliyepata laini yenye data akaomba kazi akaipata hatataka kusikia falsafa yetu. La pili, anayetoa data bure ni yule yule anayeiuza. Kama maskini hawezi kuinunua, kuna njia mbili: kumgawia, au kushusha bei. Kampuni inapogawa inapata shukrani. Inaposhusha bei inapata hasara. Hatushangai imechagua ipi.

HAPA KWETU

Msidhani mambo haya ni ya Wazungu tu. Mwaka 1999, karibu wakati ule ule ambao Waingereza walikuwa wakianza vituo vyao, hapa Uganda kilifunguliwa kituo cha Nakaseke, kwa msaada wa UNESCO na mashirika mengine. Kilikuwa mojawapo ya vituo vya kwanza vya namna hiyo Afrika: maktaba, simu, kompyuta na mafunzo mahali pamoja, kijijini. Miaka michache baadaye ililetwa huko CD iliyotengenezwa kwa ajili ya wanawake wa vijijini, yenye mawazo ya kujipatia fedha, ambayo ilizungumza kwa sauti na picha, na kwa Kiluganda. Mwanamke asiyejua kusoma aliweza kuisikiliza. Hilo ni jambo ambalo hata Sheffield wangeweza kujifunza kwetu.

Basi ujuzi wa kuanza haukukosekana. Kilichotupiga ni gharama. Tarehe 1 Julai 2018 kila anayetumia WhatsApp, Facebook na mengine kama hayo alianza kutozwa shilingi 200 kwa siku. Siku hiyo hiyo ikaja kodi ya asilimia 1 kwenye fedha za simu. Watu walilalamika sana, na hii ya fedha ikashushwa mpaka nusu asilimia, kwa kutoa fedha peke yake. Ile ya shilingi 200 ilifutwa Julai 2021, na mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data. Piga hesabu kwa mfanyakazi wa shambani anayelipwa kwa simu. Mshahara hauchukui mkononi. Unaingia kwenye laini. Ili aushike lazima autoe, na akiutoa anakatwa na wakala, kisha anakatwa na serikali. Hakuchagua kulipwa hivyo. Ameingizwa katika dunia ya kidijitali kutokea upande wa kulipa, na upande wa kujua bado hajaingizwa.

Tunasema hivyo kwa sababu tumeona. Katika shamba moja, ambalo hatulitaji, wachumaji zaidi ya mmoja walikuwa wamempa msimamizi wao namba ya siri ili awatolee mshahara, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kubonyeza. Kila mwezi alirudisha pungufu kidogo. Elfu moja hapa, elfu mbili pale. Hawakuweza kuhakiki, maana ujumbe ulikuja kwa Kiingereza na yeye ndiye aliyewasomea. Hapo ndipo mjue mafunzo ya simu si mchezo wa vijana. Ni mshahara.

MAMBO YA KUULIZA

Linapokuja shirika, basi, msianze na jina lake wala rangi ya gari lake. Anzeni na mwalimu: ni nani, anakaa wapi, analipwa na nani, na mradi ukiisha atakuwa wapi? Nguvu ya wale wa Sheffield haikuwa katika ofisi yao. Ilikuwa katika maelfu ya kumbi na maktaba zilizokuwapo kabla yao, zenye mtu anayejulikana mtaani. Shirika linalotaka kujenga jumba jipya nje ya kambi, mbali na mahali watu wanapokaa jioni, tunalitilia shaka. Ofisi ya tawi, zahanati, chumba cha kulia chakula, hapo panatosha.

Ulizeni pia wanahesabu namna gani. Wakisema wamefundisha watu elfu, ni elfu waliotia sahihi siku ya kwanza na kupewa soda, au ni elfu wanaoweza leo kufungua simu zao na kuona kama mwajiri amepeleka mchango wao wa NSSF? Ni hesabu mbili tofauti kabisa, na ya pili ni ndogo sana. Shirika la kweli litawapa hiyo ndogo bila aibu.

Ulizeni lugha. Shambani mwetu wako wa Rukiga, wa Ankole, wa Rwanda, wa Kongo, na lugha inayowakutanisha mara nyingi ni Kiswahili. Somo likija kwa Kiingereza tu litawafikia makarani, na makarani wanajua tayari.

Na jambo la vifaa: kompyuta ni za nani mradi ukiisha? Kama zimeandikwa kwa jina la meneja, zitahamia ofisi ya meneja. Ziandikwe kwa jina la tawi, na orodha yake ikae kwa mweka hazina.

Mwisho, mwajiri asipewe nafasi ya kutumia mafunzo kama sababu ya kuondoa karatasi ya mshahara. Mtu anaweza kufundishwa kusoma malipo yake kwenye simu na bado akapewa karatasi. Daniel Blake wa filamu hakukataa kompyuta. Alitaka mtu wa kuzungumza naye dirishani. Sisi tunataka vyote viwili, na katika mazungumzo ya mkataba wa hiari hilo liandikwe wazi: malipo kwa simu kwa ridhaa ya mfanyakazi, gharama ya kutoa juu ya mwajiri, karatasi ya mshahara kila mwezi.

Makatibu wa matawi ambao mashamba au viwanda vyao vimetembelewa na shirika lolote la kufundisha kompyuta au simu watuletee nakala ya barua zao, kwa jina la sasa na majina ya zamani kama yanajulikana, kabla ya kutia sahihi kitu chochote. Kamati ya elimu itazisoma na kuwajibu.